Waifai sio mlango, mlango ni akaunti
Eti ukishaweka paswedi ngumu kwenye waifai, basi kamera, tivii na simu zikiunganishwa pamoja nyumbani faragha yako iko salama, hapo napinga kabisa. Mimi nafunga kamera huku Dodoma, Kisasa na Ilazo hasa, na shida ninayoikuta ni akaunti, maana fundi akifika anaskani ile QR kodi ya kwenye kamera kwa simu yake mwenyewe, kamera inasajiliwa kwenye akaunti yake ya apu, halafu mwenye nyumba anapewa ruhusa ya kuangalia tu, sasa hata ubadili paswedi ya waifai ukaiunganisha upya fundi bado ndo mmiliki, anaiona sebule yako akiwa zake Kondoa. Ukiiunga na tivii ndo umeongeza kampuni nyingine ya kupokea taarifa zako, tivii nyingi za kisasa zina setingi ya kutambua unachoangalia na wengi hatuifungui hata kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022 ila dada wa kazi anayerekodiwa kutwa nzima nani kamuuliza? Nyie mliofungiwa kamera, hebu fungueni apu muone, mmeandikwa mmiliki au mgeni?