Kila Rimoti na Bwana Wake

Hivi aliyesema teknolojia inarahisisha maisha, amewahi kukaa sebuleni kwangu? Mezani kuna rimoti ya TV, ya king'amuzi, ya feni (ndiyo, feni, eti kuinuka kubonyeza ni kazi), na ya redio iliyokufa zamani, ila mama watoto hataki itupwe. "Itakuja kufaa."

Juu ya hizo nikaleta Raspberry Pi, kikompyuta saizi ya kadi ya benki, ndani programu ya kuchezesha filamu iitwayo Kodi, filamu zote kwenye diski ya nje. Picha safi. Sasa unaiendeshaje ukiwa kwenye kochi? Mausi ya waya haifiki, kibodi mtoto kashaimwagia uji.

Dogo wa dukani akanipa siri: "Mzee, rimoti ya TV inatosha. Waya wa HDMI, huo uliotoka kwenye Pi kwenda kwenye TV, wenyewe unapitisha amri, inaitwa CEC." Kweli, ina pini yake kabisa, namba 13. Lakini ingia kwenye menyu ya TV uitafute! Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Ya kwangu, chapa sitaji, ilikuwa imejificha chini ya "Mengineyo".

Ikakubali. Juu, chini, rudi, nikajiona injinia. Usiku umeme ukakatika, ukarudi, na Pi kwa kiherehere chake ikawahi kuwaka, ikaiamsha TV na kujiweka mbele. Mama watoto anataka tamthilia yake, bi harusi ndiyo kwanza ameulizwa kama anakubali, anaonyeshwa orodha ya filamu zangu. "Baba Zawadi, bi harusi kaenda wapi?" Nikaingia mipangilio ya Kodi, nikaondoa tiki, isihamishe tena TV inapowaka. Mama watoto akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Nikaamua kujitenga. Nikanunua kijicho cha infraredi, cha kupokea mwanga wa rimoti, kile cha miguu mitatu: mmoja wa umeme, mmoja wa ethi, mmoja wa kupeleka ishara kwenye pini ya Pi, na mstari wa kuongeza kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi. Rimoti ipi? Ya redio marehemu! Kwanza nikaipima: ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, utaona kitaa kinawaka zambarau, mwanga ambao kwa macho matupu huuoni. Ikawa hai. Halafu unakaa unabonyeza kitufe kimoja kimoja, programu ya ir-keytable inakutolea namba, unaiandikia kazi: hii juu, hii chini, hii OK. Basi kwangu AM/FM ndicho kinachosimamisha filamu, na "Kaseti" kinaleta maandishi ya chini. Mgeni akija namwandikia karatasi.

Na mama watoto kila akipita: "Si nilisema itafaa?" Ataisema mpaka kwenye harusi ya Zawadi.

Huyo Zawadi naye, kumbe kaweka Kore kwenye simu ya mama yake, ile programu ya kuendesha Kodi kwa Wi-Fi. Juzi niko kwenye filamu, muuaji ndiyo anavuliwa kinyago, ghafla katuni. Nikabonyeza AM/FM. Katuni ikasimama, ikaendelea yenyewe. Nikabonyeza tena. Ikaendelea tena.

"Nani huyo?"

"Si mimi, baba!"

Sauti inatoka chooni.