Hedseti ya nyuzi inadharauliwa bure

Wanaochagua baiskeli za mtumba wamezoea kuambiana hivi: ukikuta nati kubwa bapa chini ya stemu, yaani kipande kinachoushika usukani, iache hiyo, ni ya kizamani, chukua ile ambayo stemu yake imelibana bomba la foki kwa nje kwa bolti mbili za aleni. Ushauri huu una ukweli ndani yake, lakini unawapunja watu wengi, hasa wale ambao baiskeli kwao ni chombo cha kazi.

Kinachobishaniwa ni hedseti, yaani vikombe na gololi zinazoifanya foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, izunguke ndani ya shingo ya fremu. Kwenye mfumo wa zamani, bomba la foki lina nyuzi upande wa juu. Kikombe cha juu hufungwa kwenye nyuzi hizo, ikafuata washa, kisha nati ya kukazia, na stemu huchomekwa ndani ya bomba ikashikwa na kabari inayovutwa na bolti moja ndefu. Kwenye mfumo mpya bomba halina uzi wowote. Linapita shingoni na kutokeza juu, na stemu inalikumbatia kwa nje. Bolti ya kifuniko cha juu huvuta nati ya nyota iliyogongewa ndani ya bomba mpaka shingo iache kucheza, na kuanzia hapo kazi yote ya kushikilia ni ya bolti za pembeni.

Mfumo huu mpya ulipewa hataza Marekani mwaka 1992 kwa jina la John Rader, na kampuni ya Dia-Compe ikauuza kwa jina la Aheadset. Sifa zake si za kubuni. Bomba la kaboni halikatwi nyuzi, na la alumini likikatwa linadhoofika mahali hasa linapobeba nguvu, kwa hiyo baiskeli nyepesi za leo zisingekuwepo bila mfumo huu. Waendeshaji waliopanda vilima vya Kigali kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025 hawakuwa na sababu yoyote ya kutamani stemu ya kuchomeka. Tena ukarabati wake hauhitaji vifaa vingi: aleni moja au mbili na shingo imekazwa. Ile ya nyuzi, kwenye bomba la inchi moja, inataka spana mbili nyembamba za milimita 32, moja ishike kikombe na nyingine ikaze nati. Fundi wa chini ya mwembe mara nyingi hana hata moja, anatumia patasi na nyundo. Nati zilizojaa makovu unazoziona mitaani ni kazi ya patasi, ila lawama hubebeshwa mfumo.

Aliyenufaika zaidi na mabadiliko haya hatajwi sana, naye ni kiwanda. Foki yenye nyuzi lazima iwe na urefu unaolingana na shingo ya fremu, karibu kwa milimita. Fremu za saizi tano zinataka mabomba ya urefu wa aina tano. Bomba lisilo na nyuzi hutengenezwa refu la aina moja, kisha hukatwa kulingana na fremu na mwendeshaji. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni nafuu kubwa ya ghala, na simlaumu.

Lakini bomba likishakatwa, limekatwa. Jambo hili wanaousifu mfumo mpya wanalipita haraka, na kwetu lina uzito kuliko huko yalikotoka mabaiskeli haya. Anayenunua baiskeli mpya Ulaya anakatiwa bomba kwa kimo chake yeye. Sisi tunaipata ikiwa tayari imekatwa kwa kipimo cha mtu tusiyemjua, kama suruali ya mtumba iliyokwisha kupinda. Ikiwa yule mtu alipenda kuinama kama mwanamashindano, juu ya shingo kumebaki nafasi ya stemu tu, pengine na pete moja nyembamba ya kuiinulia. Mtu mrefu, au mwenye mgongo unaouma, akitaka kuinua usukani hana pa kuuinulia. Atageuza stemu ielekee juu, atanunua usukani uliopinda, au atatafuta kipande cha kurefushia bomba, na vyote hivyo ni gharama juu ya gharama.

Mwenye hedseti ya nyuzi analegeza bolti moja mizunguko michache, anaigonga kichwani kwa kipande cha ubao ili kabari iachie, anavuta stemu juu, anakaza. Kazi ya dakika chache, na gololi hazijaguswa. Sharti ni moja tu: asivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye stemu, maana kabari ikikaa usawa wa nyuzi, bomba linaweza kupasuka. Nyumba ambayo baba anaitumia baiskeli asubuhi, mama anaendea sokoni na mtoto wa sekondari anaichukua jioni, inahitaji uwezo huu kila wiki. Sijui kwa nini tunauita uzamani.

Kutoguswa kwa gololi kunasaidia pia safarini. Ukitaka kuilaza baiskeli kwenye buti la basi la mkoani, stemu ya kuchomeka unailegeza na kugeuza usukani ubavuni, basi. Ile nyingine ukiilegeza stemu umeshalegeza hedseti nzima, na ukiitoa bila kushika foki, foki inaanguka na gololi zake. Ukifika inabidi uikaze upya kwa mpangilio: kwanza kifuniko, halafu bolti za pembeni. Wengi huanza na za pembeni, kisha wanashangaa kifuniko kinakazwa na shingo bado inacheza.

Baiskeli za mizigo zenye breki za fimbo sizihesabu kwenye mjadala huu. Usukani na stemu yake ni chuma kimoja, hapo hakuna cha kuchagua.

Mfumo wa nyuzi nao una madhambi yake, na baya kuliko yote linaonekana Pwani. Stemu ya alumini ndani ya bomba la chuma, ikiachwa bila grisi kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, inashikana mpaka haitoki bila msumeno, na hapo ule uwezo wa kupandisha usukani unabaki hadithi. Vipimo vinachanganya pia: kiti cha gololi za chini kwenye foki za kiwango cha Kijapani ni milimita 27.0, cha kiwango cha kimataifa ni 26.4, na Raleigh za zamani za Nottingham zina nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24. Na foki ikipinda, kupata nyingine yenye nyuzi na urefu uleule kunaweza kukuzungusha maduka yote ya mjini. Kwa mfumo mpya ungenunua ndefu ukakata.

Kwa hiyo anayekimbia mashindano, au anayepita njia mbovu milimani kwa foki ya springi, achukue isiyo na nyuzi bila kusita. Mwenye baiskeli ya mjini, ya familia au ya kazi, nikimshauri mimi, asiikimbie nati kubwa. Aitingishe baiskeli mbele na nyuma akiwa ameshika breki ya mbele asikie kama shingo inacheza, azungushe usukani polepole asikie kama gololi zinakwaruza, halafu aombe stemu ivutwe juu kidogo palepale dukani. Ikigoma kutoka, bei ishuke au atafute nyingine. Na akichukua ile isiyo na nyuzi, ahesabu kwanza pete zilizobaki chini ya stemu kabla hajauliza idadi ya gia.