Pua ya Mmbulu, fuvu la Akida na miwani yangu inayoteleza

Ukipanda hiace ya Ngaramtoni jioni hapa Arusha hukosi kukutana na mtaalam wa makabila. Anamwangalia abiria pua tu, yule Mmbulu, yule Mmeru, yule katokea Rombo, na anapatia mara nyingi kiasi kwamba watu wanamwamini. Ila mi nimemfuatilia, nusu ya kazi anafanyiwa na masikio, mtu akishasema "shusha" lafudhi yake imeshamtaja, pua inakuja kuthibitisha baadae. Akikosea hahesabu.

Sasa kuna watu waliifanya kazi ya huyu jamaa kwa vyuma na madaftari wakaiita sayansi. Miaka ya 1840 Msweden mmoja, Anders Retzius, alileta hesabu rahisi sana, chukua upana wa kichwa, gawanya kwa urefu kuanzia paji la uso hadi kisogoni, zidisha kwa 100, ikija chini ya 75 wewe una kichwa kirefu, ikivuka 80 una kichwa kipana. Hesabu yenyewe haina shida, hata seremala anaifanya. Shida ni kwamba waliofuata walikuwa wameshapanga makabila kabla ya kupima, nani juu nani chini, kichwa kikaletwa tu kama shahidi aliyeshalipwa.

Na sisi huku hatuisomi kama habari ya mbali. Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, pale pale kwake pamoja na wenzake, na ukoo wake mpaka leo unasema kichwa kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Wakati huo mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikuwa Berlin anakusanya mafuvu kutoka makoloni, ya Afrika Mashariki peke yake yapo kama 1,100, mengi ya Rwanda, ya Tanzania kama 200. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha hapo, ni kwamba mwaka 1911 huyu huyu von Luschan aliandikia mkutano mkubwa wa London kwamba binadamu wote ni spishi moja. Yaani alihitaji maelfu ya vichwa kufika mahali ambapo bibi yako kule Uru yupo siku zote. Na mafuvu hakuyarudisha.

Mwaka 2023 Wajerumani walitangaza wamepata ndugu walio hai wa baadhi ya yale mafuvu, mmojawapo ni Akida, mshauri wa Mangi Meli. Ujue kilichomtambulisha ni nini, ni neno "Akida" lililoandikwa kwenye mfupa, na vinasaba vya ndugu zake. Upana na urefu wa kichwa chake havikusaidia kitu.

Ukitaka mfano mwingine nenda pale AICC, jumba la mikutano la hapa Arusha, ilipokaa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwenye hukumu ya Akayesu, mmoja wa washtakiwa, Septemba 1998, majaji walikwama kidogo kwenye swali la Mtutsi ni nani, maana lugha moja, dini zile zile, utamaduni ule ule, ikabidi waangalie vitambulisho vilivyotoka enzi za Mbelgiji vikiwa na kabila, na Mbelgiji ndo wale waliopima pua na urefu wa watu. Kwa hiyo anayesema hii kitu ya kupima sura ifungiwe kabisa, simshangai hata kidogo.

Ila hapo hapo nina kesi yangu. Miwani niliyonunua inateleza, nikiinama kuandika iko kwenye mdomo, kwa sababu aliyeichora alikuwa anawaza pua nyembamba iliyosimama, yangu imelala. Hiyo ni miwani, kuna mambo makubwa zaidi. Marekani barakoa za kuzuia vumbi zilikuwa zinajaribiwa kwa vipimo vya nyuso za wanajeshi wa anga wa 1967 na 1968, mpaka mwaka 2003 wakapima upya wafanyakazi 3,997 wa jinsia zote na asili tofauti, wakakuta vipimo vya zamani vinaacha nyuso nyingi nje. Sasa mwanaapolo, mchimbaji wa kule Mirerani anayekula vumbi la madini chini ya ardhi, uso wake ulipimwa na nani? Barakoa ikiacha uwazi pembeni ya pua amevaa urembo tu. Kwa hiyo asiyetaka kupima kabisa naye ana deni, analilipa mwingine kwa mapafu.

Penye ugumu kwangu ni kliniki. Mtoto anapimwa mzunguko wa kichwa ili kama maji yanajaa kichwani yajulikane mapema. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa chati moja ya kichwa kwa watoto wote, ilitokana na watoto wa nchi sita, Ghana ikiwemo. Kuna watafiti wanasema jamii zinatofautiana, chati moja inawatia hofu wazazi bure au inapitisha wagonjwa. Hoja yao ina uzito. Lakini haya, tuweke chati kwa kabila, mtoto wa baba Mchaga na mama Mwiraqw anaenda chati ipi? Na huyo Mchaga wa wapi, Machame au Rombo? Vipimo vya mafuvu vyenyewe vinaonyesha sehemu kubwa ya tofauti za watu iko ndani ya kundi moja, sio kati ya kundi na kundi. Mi ningefuatilia kichwa cha huyo huyo mtoto mwezi hadi mwezi, kinakua vipi, kuliko kumuuliza mama yake kabila.

Miwani niliishia kupeleka kwa fundi wa mtaani, ya fremu ya chuma. Hakuniuliza natokea wapi. Alinishika pua kwa vidole viwili, akaangalia, akakunja vile vishikio vya puani kwa plaizi ndogo, akanirudishia, buku mbili. Nimeinama hapa naandika na bado iko juu.