Ndege wa Mida na Nukta kwenye Ramani

Kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, mtazama ndege haangalii saa; anaangalia maji. Yakipwa kabisa, ndege wametawanyika huko mbali kwenye matope, ni vitone tu hata ukiwa na darubini nzuri. Yakijaa kabisa, wameshakwenda zao kwenye mikoko na mafungu ya mchanga. Wakati wenyewe ni ule wa katikati, maji yanapopanda polepole na kuwasukuma sululu, vitwitwi na yangeyange hatua kwa hatua hadi karibu na ulipo.

Wakati kama huo ndipo nilipotoa simu nitie alama mahali lilipotua kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene kama koleo, wale ambao chakula chao kikubwa ni kaa. Mimi nawaita wala kaa, na kwa makala haya jina hilo linatosha. Kijana aliyekuwa akituongoza hakuwa na neno juu yao. "Hao waandike, hawafichiki," alisema. "Lakini yule bundi wa asubuhi, kaka, nakuomba usimtie kwenye ramani."

Asubuhi ile tulikuwa kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, mwendo mfupi kutoka horini. Bundi aliyemtaja ni bundi mdogo wa Sokoke, kimo chake kama nusu ya rula ya shule, ambaye wanasayansi walikuja kumtambua katika miaka ya 1960. Mchana hulala chini chini kwenye vichaka vilivyosongamana, mara nyingi wawili wawili, wamebanana kama ndugu waliogombana na dunia. Ukiujua mti, unamkaribia hata hatua chache. Usipoujua, unaweza kuzunguka wiki nzima urudi mikono mitupu.

Ombi la kijana yule limenikaa kichwani kwa sababu linagusa jambo ambalo watazama ndege wa Pwani hulizungumza pembeni tu. Siku hizi kila mwenye simu anaweza kuandika ndege aliyemwona na mahali alipomwona. Wengi hutumia eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani pamoja na wenzao. Hapa nyumbani kuna Kenya Bird Map, iliyoanza 2013. Je, kila ndege anayeonekana atangazwe alipo?

Wanaosema atangazwe wana hoja nzito, na ushahidi wao uko hapahapa Pwani. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini Iran mwaka 1971, una vigezo vya kulitambua eneo la ardhi oevu kuwa na umuhimu wa kimataifa. Viwili kati yake vinahusu ndege wa majini, na vyote viwili ni hesabu: eneo liwe linahifadhi ndege 20,000 au zaidi mara kwa mara, au liwe linahifadhi mara kwa mara asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani. Kigezo hicho hukifikii kwa kusema "pale pana ndege wengi, mashallah". Lazima mtu awe alisimama kwenye tope na daftari, si mara moja, bali mwaka baada ya mwaka.

Delta ya mto Tana iliingia kwenye orodha ya maeneo ya Ramsar mwaka 2012, hekta 163,600. Miaka michache tu kabla yake delta hiyohiyo ilikuwa imepangiwa mashamba makubwa ya miwa, na wakazi pamoja na wahifadhi wakaenda mahakamani. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2013 ulitaka matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kuwashirikisha wanaoishi humo. Sisemi ndege ndio walioshinda kesi. Ilikuwa kesi ya malisho, maji na mashamba ya watu. Lakini pale ambapo upande mmoja unakuja na makadirio ya tani za sukari, si vibaya upande wa pili nao uwe na namba zake mkononi.

Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, unaieleza hoja hii vizuri zaidi. Pale hakuna lango wala uzio, na maji yake mekundu yametoka mbali, hadi nyanda za karibu na Nairobi ambako mto huohuo huitwa Athi. Mtu wa Pwani ataielewa kalenda ya Sabaki upesi kuliko mgeni, kwa kuwa ni kalenda ya pepo. Kaskazi huleta ndege kama ilivyokuwa ikileta majahazi. Ndiyo majira ya vitwitwi waliozaliwa kwenye baridi ya Siberia, na ya wala kaa waliotoka kwenye fukwe za mchanga za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba mashimo na kutaga yai moja tu, joto la mchanga likisaidia kuliangua. Hata wakifika Mida, utamwona mtoto mkubwa mzima akimfuata mzazi na kumlilia kaa. Safari yote ile, na bado anataka kulishwa!

Kusi nayo ina ndege wake. Yuko mmoja wa kahawia, arukaye kama mbayuwayu na kudaka wadudu hewani, ambaye huzaliana Madagaska kisha huvuka bahari kuja kukaa kwetu kipindi cha kusi. Sabaki ni mojawapo ya mahali anapojulikana kukusanyika kwa wingi. Kaskazi inaposhika, hayupo, ameshavuka kurudi.

Sasa fikiria mtu anataka kujenga kwenye mdomo wa mto. Sheria inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na wataalamu wanaajiriwa kuja kwa wiki mbili. Wakija Januari, wakati wa kaskazi, ndege wa Madagaska hawamwoni hata mmoja, na wataandika hivyo bila kusema uongo. Kinachoweza kuipinga ripoti hiyo ni orodha za watu wa kawaida waliopita pale Agosti, miaka kumi mfululizo, wakaandika walichokiona na mahali walipokiona. Mtazama ndege aliyenyamaza kwa nia njema anakuwa amemsaidia mjenzi.

Hapo ningeweza kuhitimisha, kama si yule bundi.

Hoja ya kunyamaza haihusu mdomo wa mto, inahusu mti. Kundi la wala kaa mia mbili halidhuriki kwa kuwa wewe umetia nukta. Fungu la mchanga ni kubwa, na mtu akisogea sana wanaruka. Bundi wa mchana hana pa kwenda. Kinga yake ni kutoonekana. Nukta ikishawekwa kwenye ramani ya dunia, atakuja wa kwanza na kamera, wa pili na kamera kubwa zaidi, wa tatu na kipaza sauti cha mfukoni akicheza mlio wa bundi ili wa kweli afungue macho apigwe picha. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Ubaya uko kwenye idadi.

Kuna na upande wa riziki, ambao watu wa mijini hupenda kuuruka. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke huingia msituni mapema kuwatafuta bundi wamelala wapi siku hiyo. Ujuzi wa mti ndio mtaji wao. Mgeni hulipa kwa sababu peke yake hampati. Ukiitangaza nukta bure, umechukua kazi ya asubuhi ya mtu mwingine ukaigawa sadaka. Kwa sura hiyo ombi la kijana halikuwa la uhifadhi pekee, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Ila tuwe wakweli. Siri ya biashara nayo hujua kuvaa kanzu ya uhifadhi. Mwongozaji yuleyule anayekataza nukta anaweza kupeleka makundi matatu kwenye mti mmoja kwa siku moja, na bundi hapumziki zaidi kwa kuwa wageni wamelipa. Usiri haumlindi ndege mpaka uambatane na kiasi: watu wangapi, kwa muda gani, umbali gani. Hilo wanaotetea kunyamaza hawapendi kulijadili, na kwangu mimi ndipo hoja yao inapochechemea.

Halafu wapo watu ambao hakuna kambi inayowauliza kitu. Mida ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na mbuga ya bahari iliyo jirani ilianzishwa 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Ndani ya mbuga uvuvi ni marufuku. Kwenye hifadhi uvuvi wa asili unaruhusiwa kwa masharti. Anayeishi kwenye mpaka wa maneno hayo mawili anajua uzito wake. Siku ileile, mama mmoja aliyekuwa akichimba chambo kwenye matope alituona na darubini zetu akauliza, huku anacheka lakini hatanii: "Mkishamaliza kuwahesabu, mtakuja kutuambia tusipite?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Hofu yake si ya bure. Kwa mwanasayansi, kila rekodi ni elimu. Kwake, kila rekodi inaweza kuwa tofali la ukuta utakaojengwa baadaye. Upande wa pili wa mizani pia upo, na ni haki kuutaja: daraja la mbao linalopita juu ya mikoko ya Mida hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege liliwekwa chini ya mpango ulioanza 2001, ambao fedha zake husaidia karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori. Ndege wakijulikana, mgeni anakuja, na sehemu ya pesa yake inaingia darasani. Kwa hiyo mama yuleyule anaweza kuogopa rekodi kwa ajili ya chambo chake na kuihitaji kwa ajili ya mwanawe.

Wengine husema teknolojia itatatua. Kiasi fulani ni kweli. Kenya Bird Map haikutaka nukta tangu mwanzo. Imeigawa nchi katika visanduku vya kama kilomita 9 kwa 9, na mtazamaji anatakiwa atumie angalau saa mbili ndani ya kisanduku chake, akiwaandika ndege kwa mpangilio aliowaona. Ukiandika bundi wa Sokoke, dunia inajua yumo ndani ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 80, na mti unabaki wako. eBird, ambayo hutumia nukta, nayo ina orodha ya ndege nyeti ambao mahali pao halisi hapaonyeshwi kwa umma.

Tatizo la kisanduku ni kwamba kinaficha kwa wote. Kilomita za mraba 80 ni karibu ekari 20,000. Anayeomba ekari mia tano za kuvunia chumvi atakuambia, na kwa haki, kwamba ndege wako huenda walikuwa kwenye zile nyingine. Kwa bundi, kisanduku ni ngao. Kwa mdomo wa Sabaki, ni ukungu.

Ndiyo maana nimefika mahali pa kuamini kwamba swali la "tuseme au tunyamaze" limeulizwa vibaya. Ndege wanaotegemea mahali, yaani tope, fungu la mchanga, mdomo wa mto, watangazwe kwa nukta kabisa, na idadi, na tarehe, kwa kuwa hatari yao ni tingatinga. Ndege wanaotegemea kificho, yaani bundi aliyelala na yeyote aliye kwenye kiota, wabaki kwenye kisanduku, au waandikwe baada ya msimu, kwa kuwa hatari yao ni sisi. Mpaka huo hauko wazi kila mara, nakiri. Mnana wa Clarke ndiye anayeniumiza kichwa. Duniani kote anapatikana kaunti ya Kilifi tu, na hadi 2013 hapakuwa na aliyethibitisha anajenga wapi. Ndipo viota vikapatikana kwenye mabwawa ya msimu ya Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Ni kiota, kwa hiyo kificho. Ni bwawa, kwa hiyo mahali. Na bwawa lenyewe linategemea mvua, kwa hiyo la mwaka huu huenda mwakani likawa uwanja mkavu wa mbuzi. Kwa ndege wa namna hii naona uamuzi wa kusema au kutosema uwe wa wanaoishi kando ya bwawa, maana ndio watakaokuwepo mvua ikinyesha, si mimi niliyekuja na basi la Jumamosi.

Jioni ile, maji yakiwa yamejaa na ndege wamehama, nilikaa kwenye kibaraza nikapanga rekodi zangu. Wala kaa niliwatilia nukta, pale pale kwenye fungu la mchanga. Bundi nilimwandika kwenye kisanduku chake, mmoja, bila neno jingine. Kisha kwenye nafasi ya maelezo ya Mida nikaongeza sentensi ambayo sijawahi kuiandika kabla: wachimba chambo wanne walikuwa wakifanya kazi hatua kama hamsini kutoka kwa sululu, muda wote nilipokuwepo, na sululu hawakuruka.