Shangazi alipomtetea yule mama wa kwenye filamu

Mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, tuna mashindano ambayo hakuna aliyeyaandaa: nani alilia zaidi kwenye Hotaru no Haka ya mwongozaji Isao Takahata, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la Grave of the Fireflies, yaani Kaburi la Vimulimuli. Mimi nilikuwa najihesabu bingwa. Kijana wa maktaba ya filamu aliyeniingizia kwenye flashi alinionya, "Kaka, hii usiangalie mbele za watu." Nikajifungia chumbani, nikalia mpaka kamasi. Kwa miaka kadhaa nikawa najisifu kwa yale machozi kama mtu anayejisifu kwa kovu.

Kisha nikafanya kosa la kuiangalia sebuleni na shangazi.

Huyu ndiye aliyenipokea nilipokuja Dar kuanza kidato cha kwanza, nina begi moja na godoro la futi mbili na nusu. Tukaketi, mimi nikimtafsiria maandishi ya chini. Mji wa Kobe, Japani, mwaka 1945. Seita ana miaka kumi na minne, mdogo wake Setsuko minne. Mama yao anakufa kwa moto wa mabomu, baba yuko vitani katika jeshi la majini. Wanapokewa na mama mmoja wa ukoo. Chakula ni cha mgao. Yule mama anauza kimono za marehemu apate mchele, halafu anaanza kuupima: wanaofanya kazi wanapewa wali, Seita na mdogo wake uji mwepesi. Seita hafanyi kazi. Anashinda amejilaza, anasoma, anacheza na mdogo wake. Akisemwa ananuna. Mwishowe anamchukua mtoto wakaishi kwenye handaki kando ya bwawa, na huko ndiko njaa inakowamaliza, wakati benki kuna yen 7,000 alizoacha mama yao.

Nilikuwa nasubiri shangazi atoe leso. Akauliza, "Huyu kijana ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne, shangazi."

"Na siku nzima amelala?"

Nikanyamaza.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyo mama mdomo wake mbaya, sikatai. Lakini amevumilia."

Nilikasirika kweli. Usiku ule nikaingia intaneti kutafuta mtu wa kuniunga mkono, na nikamtafuta mwongozaji mwenyewe, Isao Takahata, nikiamini yeye atakuwa upande wangu. Hakuwa. Takahata alishasema, filamu ilipotoka mwaka 1988, kwamba Seita amemchora akifikiria vijana wa wakati huo wa amani, wanaokata uhusiano na watu pale unapowakera. Na akasema kwamba huenda ukafika wakati watazamaji wengi wakamuunga mkono yule mama, na kwamba wazo hilo lilimtia baridi. Yaani shangazi wangu, akiwa na khanga yake mbele ya TV, alikuwa ameshakaa ndani ya hesabu za yule mzee wa Kijapani.

Hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia kwa dhati, na hapo ndipo nilipoacha mashindano ya machozi.

Maana ukiiangalia tena filamu ile unaona jinsi anavyokuzuia usizame. Sekunde za mwanzo kabisa Seita mwenyewe anakwambia: usiku wa tarehe 21 Septemba 1945, nilikufa. Hakuna cha kuviziwa. Kisha mzimu wake, umemulikwa rangi nyekundu, unasimama pembeni ukiyatazama maisha yake yakipita. Na wewe unawekwa palepale ulipo mzimu, pembeni. Takahata hakuzipenda filamu zinazommeza mtazamaji mzima mzima mpaka akili inalala. Alitaka ubaki na nafasi ya kujiuliza: hapa mimi ningefanya nini? Mwenzake Hayao Miyazaki, ambaye walianzisha naye studio ya katuni ya Ghibli mwaka 1985, anakushika mkono mnapaa. Takahata anakuachia kiti, kigumu kidogo.

Wala hakupenda filamu yake iitwe ya kupinga vita. Na huyu si mtu aliyevisoma vita kitabuni. Alfajiri ya tarehe 29 Juni 1945, akiwa na miaka tisa, mabomu yaliteketeza mji wa Okayama alipokuwa akiishi, akakimbia na dada yake katikati ya moto. Lakini alishikilia kwamba kuonyesha mateso hakuzuii vita, kwa kuwa wanaoanzisha vita husema hivyohivyo: tunapigana ili mateso yale yasiturudie. Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko kilio chote nilicholia.

Kitu kingine, hakuwa mchoraji. Huyu ni mtu wa fasihi ya Kifaransa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliyeingia studio ya Toei mwaka 1959. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1968, ilichukua muda mrefu na haikuuza, na Toei hawakumpa nyingine. Wenzake walimwita Paku-san. Inasemwa ni kwa sababu alikuwa akifika kazini amechelewa, anatafuna mkate, paku-paku. Pengine kutochora ndiko kulikomfanya ang'ang'anie kutazama. Kabla ya kutengeneza Heidi ya mwaka 1974, mfululizo wa televisheni, alikwenda na wenzake Uswisi kuiona milima kwanza.

Ushahidi wangu mkubwa wa huko kutazama ni nanasi. Katika filamu yake Omoide Poro Poro ya mwaka 1991, mwanamke wa Tokyo anakumbuka alipokuwa darasa la tano, mwaka 1966, nyumbani likaletwa nanasi zima. Hakuna anayejua linakatwaje. Linakaa kama mfalme. Siku ya kulikata familia yote inazunguka meza, kila mtu anapewa kipande, wanatafuna. Kimya. Gumu. Si tamu. Dada zake wanamsukumia vipande vyao, na mtoto anaendelea kutafuna kwa ukaidi kwa sababu ndiye aliyelitamani.

Shangazi kwao ni Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Limechumwa changa hilo! Nanasi halivundikwi kama embe!" Na ni kweli, likishakatwa shambani utamu wake umeishia hapohapo. Sijui ni mwongozaji gani mwingine wa katuni angetumia dakika zote zile kwa tunda lisilo tamu, bila muziki wa kukuambia ucheke au usikitike.

Simfanyi mtume. Kufanya kazi chini yake ilikuwa adhabu. Mtayarishaji wake, Toshio Suzuki, hajaficha kwamba aliwachosha watu kupita kiasi. Na kuchelewa ndio ilikuwa desturi yake. Kaburi la Vimulimuli liliingia sinema mwaka 1988 likiwa na vipande ambavyo havijapakwa rangi. Filamu yake ya mwisho, Kaguya-hime no Monogatari ya mwaka 2013, ilimeza miaka minane na takribani yen bilioni tano. Sauti zilirekodiwa kwanza, michoro ikafuata, hivyo Takeo Chii, sauti ya mzee mkata mianzi anayemlea binti wa hadithi hiyo, alifariki mwaka 2012 na bado tunamsikia.

Pale binti huyo anapolikimbia jumba, mistari inachanika, inakuwa kama mkaa uliokwaruzwa ukutani, na pembeni karatasi imeachwa nyeupe. Shangazi akauliza, "Rangi imewaishia?" Safari hii ilikuwa makusudi. Akatazama kidogo. "Mtu akikimbia hivyo haoni pembeni," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Takahata alifariki Aprili 2018, na nadhani jibu hilo lingempendeza.

Imebaki moja tunayopanga kuiangalia, ya mwaka 1987, na si katuni. Miyazaki aliigharamia kwa pesa za filamu yake, Takahata akazimaliza, ikabidi watengeneze filamu nyingine kuziba pengo. Inakaribia saa tatu.

"Inahusu nini?" shangazi akauliza.

"Mifereji. Mji unaitwa Yanagawa. Ilijaa uchafu, manispaa ikataka kuifukia, wananchi wakaingia wenyewe kuizoa."

Shangazi anaishi hatua thelathini kutoka kwenye mtaro unaomwingilia ndani kila masika.

"Hiyo," akasema, "ilete hata leo."