Jenereta Yenye Vishikio Sita

Baba Mkubwa wangu ana mashine ya kusaga unga hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na amesimama kando yake tangu mimi sijazaliwa. Miaka yote hiyo hakuweka kitu masikioni, labda vumbi la mahindi. Alipoanza kutosikia, hakuna aliyeshangaa ila yeye, na alichoshangaa ni kwamba siku hizi watu wananong'ona sana. "Vijana wa leo mmemeza nini? Fungueni midomo!"

Kukubali kwamba hasikii ilikuwa mwiko. Alikuwa na ufundi wake: ukimweleza jambo anakukazia macho usoni. Ukicheka, anacheka. Akiona uso haueleweki, anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Ndiyo dunia." Jibu hilo lilimvusha mengi, kwa sababu ni maneno machache sana ya binadamu ambayo hayajibiki kwa "ndiyo dunia". Balaa lilikuja kwa watu wenye nyuso za kazi ngumu. Jirani mmoja, mzee wa sura ya kununa tangu utotoni, alikuja kumwambia binti yake amejifungua mapacha. Baba Mkubwa akamshika bega, akatikisa kichwa, akamwambia ajikaze, Mungu atampa wengine.

Redio yake nayo ilikuwa ya mtaa mzima. Mimi nilikuwa najua bei ya mahindi Mbale nikiwa naoga.

Basi ikafika harusi yangu. Kanisani tulimaliza salama, tukarudi nyumbani kwenye tenti. Saa 8 mchana, emsii ndiyo kwanza anakohoa kwenye maikrofoni, umeme ukakatika. Muziki kimya, feni kimya. Baba Mkubwa alikuwa mjini na pikapu, ametumwa barafu na soda. Mama Mkubwa akampigia simu, huku wapishi wanagonga masufuria na watoto wanalia.

"Baba Fulani! Leta jenereta! Umeme umekwenda! Kubwa! Haraka!"

Akajibiwa kwa sauti ya chini, "Nimeelewa. Usimwambie bibi arusi." Mama Mkubwa akaona ni busara tu ya mzee, hataki nihangaike siku yangu.

Sasa msimhukumu kabla hamjapiga hesabu yake. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Tororo na presha, wiki nzima alikuwa anakunywa dawa, na kila mtu nyumbani alikuwa anaulizia hali yake. Mzee, amesimama kando ya barabara ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, amepata "jene" mwanzoni, amepata "kubwa" na "haraka", na pale kwenye "umeme umekwenda" amesikia "mama amekwenda". Mtu mzima akiambiwa mama amekwenda, haulizi amekwenda wapi.

Akaenda moja kwa moja kwa fundi wa majeneza. Akachagua zuri, si la kifahari, la kupakwa vanishi, lenye vishikio sita vya rangi ya fedha na kile kidirisha cha kioo upande wa kichwani. Fundi akampunguzia bei kwa sababu ya msiba kuangukia harusi. Wakalifunika turubai ili bibi arusi asishtuke. Njiani akawachukua vijana wawili wa boda wamsaidie kushusha, akawaambia kwa siri nani amefariki. Kumwambia boda wa Busia siri! Hata hiyo kazi yenyewe ya boda ilianzia mpakani hapahapa, kupeleka watu na habari.

Pikapu ikaingia uani kinyumenyume, taa za tahadhari zinawakawaka. Emsii, aliyekuwa anapiga kelele kwa koo lake mwenyewe kwa karibu saa nzima, akaruka juu ya kiti. "Wageni waalikwa! Jenereta imefika! Makofi kwa mzee wetu!"

Watu wakapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Shangwe bado ziko juu, kijana wa boda akavuta turubai.

Vigelegele haviishi mara moja, nimejifunza siku ile. Vinakatika kidogokidogo, kuanzia waliokaa mbele. Kule nyuma, wasiokuwa wanaona vizuri, waliendelea kwa muda mrefu sana.

Baba Mkubwa hakusikia kwamba kelele zimeisha, wala kwamba zilikuwepo. Alivua kofia, akapita katikati ya meza, akamkumbatia mume wangu. "Pole sana, mwanangu. Mama alikuwa mtu wa watu." Mume wangu alikuwa anatazama juu ya bega la mzee, mahali ambapo mama yake alikuwa amekaa na gauni lake la gomesi la kijani, paja la kuku mkononi, hai kabisa, anatafuna.

Mzee akageuka. Wakatazamana. Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Ndiyo dunia," alisema Baba Mkubwa.

Mama mkwe akainuka. Aliweka kuku kwenye sahani, akafuta mikono kwa leso, akalizunguka lile jeneza lote. Alichungulia kwenye kidirisha. Alipapasa kile kitambaa cheupe cha ndani kilichobanwa kwa stepulo, moja akaing'oa kwa kucha. Kisha akauliza kwa sauti ambayo hata Baba Mkubwa aliisikia: "Mbona fupi? Mlitaka nikunje magoti?"

Jenereta yenyewe tuliazima kwa jirani anayechaji simu, nyumba ya tatu. Muziki ukarudi. Lakini wale boda walikuwa wameshafanya kazi yao, na kuanzia saa 11 jioni watu walianza kuingia na nyuso za huzuni, wengine na kilo ya mchele, wakimkuta marehemu anacheza. Waliokuja na rambirambi aliwapokea mwenyewe. Hakurudisha hata shilingi.

Fundi alikataa kulichukua jeneza. Alisema likishatoka dukani na likaonekana, likirudi wateja watauliza mwenyewe alifufukaje. Likaishia kwenye mashine, likawa la kuwekea pumba. Kifuniko chake kinabana vizuri, panya hawaingii.

Kulikuwa na kikao cha faini. Sisi tulitegemea mbuzi. Mama mkwe akasema mbuzi anao. "Faini yangu ni masikio. Aende hospitali. Leo ameninunulia jeneza, kesho atanichimbia."

Safari ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa ya mabishano mpaka Jinja. Mimi nilikwenda nao, kwa sababu Mama Mkubwa alisema hawezi kupiga kelele peke yake mpaka Kampala. Chumba cha kusubiria kilikuwa na bango la Siku ya Kusikia Duniani, ile ya Machi 3, na Mama Mkubwa akaona amsomee mumewe: Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kutosikia vizuri. Mzee akasimama, akavaa kofia.

"Milioni nne? Turudi nyumbani."

Kwanza wakamwangalia nta. Ikatoka, nyeusi, na ya kuzibia tundu la jerikeni. Akasikia vizuri kidogo, akataka kuondoka na ushindi huo. Daktari akamwingiza kwenye kile kibanda kisichopitisha sauti, akamvisha hedifoni, akampa kitufe: ukisikia mlio hata mdogo, bonyeza. Matokeo yalikuja ya kijana wa miaka 20. Daktari akakuna kichwa, akamgeuza mzee auelekee ukuta, akarudia. Kumbe alikuwa anabonyeza kila anapoona mkono wa daktari unasogea kupitia kioo. Ufundi uleule wa kusoma nyuso.

Mchoro wa pili ulianza vizuri tu upande wa sauti nene, halafu ukaporomoka upande wa sauti nyembamba. Daktari akatueleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, kelele kali za miaka huziua, na zikifa hazioti tena. Kelele ikizidi desibeli 85, saa 8 za kazi kila siku ni hatari, na mashine nyingi za kusaga huvuka hapo. Za sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa, kwa hiyo mtu anasikia kwamba unaongea, lakini herufi kama s, t na f zinampita. Anapata mifupa ya neno, nyama anaweka mwenyewe. Nilimsimulia habari ya jenereta. Daktari alitoka nje ya chumba kwa muda, akarudi anafuta macho.

Kosa la yule daktari lilikuwa moja: alimwashia mzee vile vifaa vya kusikia kwanza, vya kujaribu, ndipo akataja bei. Aliisikia yote, neno kwa neno, pamoja na sifuri zake, akaanza kuvivua. Tulimzuia mikono. Mama Mkubwa alimkumbusha kwamba jeneza alilipa papo hapo bila kusitasita, na mwenyewe hakuwa amekufa.

Alipotulia, akauliza ni nani anayekwaruza. Ilikuwa karatasi ya dawa mkononi mwangu. Akasikia bangili za mkewe. Akatembea ukumbini akasimama, akatembea tena, akaniuliza tangu lini viatu vyake vinalia. Na basi lilipofika Namawojjolo, wale wauza kuku na gonja, ndizi za kuchoma, walipovamia madirisha kwa vijiti vyao, mzee aliwasikia wote kwa mara moja na kwa adabu yake akamjibu kila mmoja. Tulifika Busia na gonja za kulisha shule.

Si kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Aliambiwa avizoee polepole, saa chache kwa siku, yeye akavivaa alfajiri mpaka usiku na sahani zikimgonga kichwa. Betri zake huanza kuisha ukibandua ile karatasi ndogo ya juu, maana zinafanya kazi kwa hewa. Akabandua zote pakiti nzima, kwa usafi. Kanisani, akiinamisha kichwa na kukishika kwa viganja vyake, vifaa vinapiga mluzi. Mchungaji alisimamisha sala akaomba mwenye simu aizime, na Baba Mkubwa, aliyesikia kila neno, akageuka nyuma kumtafuta mkosaji.

Lakini simu sasa anapokea mwenyewe, na wajukuu wa Mbale wanapiga wakimtaka yeye. Vikao vya ukoo amerudi. Zamani alikuwa anakaa pembeni tukadhani ni uzee unamchanganya akili, tukaanza kumsemesha kama mtoto. Daktari alikuwa ametuonya juu ya hilo, kwamba asiyesikia hujitenga, na kutosikia kusikotibiwa ni moja ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Redio iko chini. Mama Mkubwa ndiye aliyepata hasara: zile sentensi zake za chini kwa chini, alizozisema jikoni miaka yote bila wasiwasi, sasa anakwenda kuzisemea nyuma ya mfenesi.

Na kule kwenye mashine. Ikinguruma, mzee anavua vifaa na kuvaa vikinga sauti vile vikubwa. Ikizimwa anavirudisha masikioni, anashusha kofia kiasi, anakaa juu ya jeneza la pumba na kufumba macho. Vijana wake wa kazi hawakuambiwa kilichofanyika Mulago. Wakaendelea kupanga mambo yao mbele yake kama walivyozoea.

Ijumaa, saa ya mishahara, alitoa daftari la shule mfukoni, akavaa miwani.

"Jumatatu," akasoma, "debe mbili, kwa yule boda wa jaketi jekundu. Jumanne, debe moja, na mkasema mzee hata ukipasua baruti hageuki. Jumatano hamkuiba, mlisema tu kwamba mke wangu anapika ugali mbichi. Alhamisi, debe mbili na nusu."

Vijana walikuwa wanatazama chini. Mama Mkubwa alikuwa anapita na sufuria kichwani. Akasimama, akaishusha polepole.

"Hilo la Jumatano," akauliza, "lilisemwa na nani?"