Kabla ya kumpima mtoto akili, Bagamoyo

Wanaodai kila halmashauri iajiri mwanasaikolojia wa shule, yaani mtaalamu wa kupima namna mtoto anavyofikiri na kujifunza, wana hoja ya maana. Mchukue mtoto wa darasa la tatu pale Dunda, Bagamoyo. Mwalimu anataja "baba". Yeye anaandika "dada", anafuta kwa kidole chenye mate mpaka daftari linatoboka, kisha anaandika "bada". Mtume akanunue samaki, chenji haimpigi chenga. Shuleni wanamwita mvivu, nyumbani wanasema ana mchezo mwingi. Huenda ana tatizo la kusoma ambalo lina namna yake ya kufundishwa, ila wa kulitambua hayupo. Mzazi akitaka uhakika, safari ni ya Dar es Salaam, na kwa mtaalamu binafsi ajiandae kulipa. Shule ya msingi haina ada. Kipimo hiki kina bei.

Kutotambuliwa kuna gharama yake. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, 10 kwenye masomo mengine. Asiyeona hahitaji kueleza sana. Anayechanganya herufi anaonekana mzima kabisa, basi muda huo unampita. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia haki ya elimu, lakini mtu huidai haki pale anapojua kwamba inamhusu.

Sasa tukiangalie kipimo chenyewe. Vipimo vya akili vilivyoenea duniani, kama vile vya mwanasaikolojia Wechsler, vimewekewa viwango, yaani alama za kulinganishia, hasa kwa watoto wa nchi kama za Marekani na Ulaya. Alfred Binet, mwanasaikolojia Mfaransa aliyetunga kipimo chake Paris mwaka 1905 ili kuwapata watoto wanaohitaji msaada, alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kitu kisichobadilika. Namba ikishaandikwa kwenye faili hupata uzito ambao hata mtunzi hakuutaka. Wazazi wengine wanalihisi hilo bila kumsoma Binet: wanaogopa mtoto akihamishiwa kitengo cha elimu maalumu, mtaa mzima utampa jina.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ulitoka hapahapa. Mwaka 2002 wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika katika shule za eneo la Bagamoyo. Watoto walipewa mafumbo ya kufikiri, wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyaendea, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda, na alama za mara ya pili zilieleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, sehemu ya kilichoonekana kama upungufu wa akili ilikuwa ugeni wa mtihani. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, nao wa watoto wa shule Tanzania, uliona kichocho kikali kikiambatana na udhaifu wa kumbukumbu ya muda mfupi. Na ukanda wetu huu unakijua kichocho.

Kwa hiyo mimi simkatai mwanasaikolojia. Nakataa awe mlango wa kwanza. Mtoto aangaliwe macho, masikio na mkojo. Afundishwe sauti za herufi kwa muhula mzima, mwalimu akiandika kinachoshika na kisichoshika. Mtu atauliza, mwalimu yupi, huyu mwenye darasa lililofurika? Swali la haki, na ndilo linaloudhoofisha upande wangu. Mwalimu wa darasa peke yake hawezi.

Lakini wapo walimu wa elimu maalumu, wakiwemo waliosomea Chuo cha Patandi, Arusha. Mmoja wao akipewa shule chache za jirani, pikipiki na mafuta yake, atawaona watoto wengi kuliko mtaalamu mmoja aliyekaa ofisini. Yeye ndiye aseme nani kweli anahitaji kwenda Dar es Salaam. Nauli na gharama ya kipimo zitoke halmashauri, zisitoke kwa mama anayeuza mihogo pale stendi.